Bibi Yule Hakusema Uongo: Swali Nililokosea Kuwauliza Manusura wa Saratani

Wiki mbili zilizopita nilipokea ujumbe kutoka kwa muuguzi kijana anayefanya kazi mkoani Tabora, ambaye anajiandaa kusoma shahada ya uzamili na anataka utafiti wake uhusu matumizi ya tumbaku kwa watu waliokwisha kutibiwa saratani. Aliandika kwa adabu nyingi, akaniita dada, kisha akaeleza kwamba mwalimu aliyemtarajia awe msimamizi wake amemwambia mada hiyo imekwisha, kwa kuwa kila mtu anajua sigara ni mbaya na mgonjwa akishapata saratani hakuna kilichobaki cha kuzuia. Niliyasoma maneno hayo mara tatu, kwa sababu mimi nami niliambiwa hivyo hivyo, na nilikuwa nimedhani nimeshasahau.

Mwaka 2013 niliketi mbele ya jopo la walimu kutetea pendekezo langu la utafiti. Nilikuwa nimefanya kazi ya uuguzi kwa miaka 8, nusu yake katika wodi ya wagonjwa wa saratani, na nilikuwa nimewaona kwa macho yangu wagonjwa wakimaliza wiki 6 au 7 za mionzi, wakipewa kadi yenye tarehe ya kurudi, wakivuka lango la hospitali na kuwasha sigara kabla ya kufika kituo cha daladala. Nilitaka kujua watu hao ni akina nani, kinachowarudisha kwenye tumbaku ni nini, na sisi wauguzi tuliwahi kuwaambia nini. Mmoja wa walimu wale aliuliza huku akicheka, "Sasa mtu ameshapata saratani, sigara itamwongezea nini?" Wenzake wakacheka pia. Sikuwa na jibu lililopangika. Nilisema maneno machache kuhusu kikohozi na vidonda, sauti ikanikauka, nikanyamaza. Niliruhusiwa kuendelea kwa shingo upande.

Jibu lilipatikana Januari 2014, pale Mganga Mkuu wa Marekani alipotoa ripoti ya kuadhimisha miaka 50 tangu ripoti ya mwaka 1964 iliyotamka rasmi kwamba uvutaji wa sigara husababisha saratani ya mapafu. Safari hii ripoti ilihitimisha kwamba mgonjwa au manusura wa saratani anayeendelea kuvuta sigara anaongeza hatari ya kufa kwa sababu yoyote ile, hatari ya kufa kwa saratani aliyo nayo, na hatari ya kupata saratani nyingine mpya inayohusiana na uvutaji. Nilizichapisha kurasa hizo, nikapiga mstari chini ya sentensi zilizohusika, nikaziacha juu ya meza ya mwalimu yule. Hakuwahi kunijibu, wala hakuwahi kuligusia jambo lile tulipokutana koridoni, na sitaficha kwamba linaniuma hadi leo. Kwa hiyo wewe unayetaka kuwa mtafiti, usiiache mada yako kwa sababu ya kicheko cha mtu mmoja. Nenda maktaba, tafuta ushahidi, rudi nao.

Hata hivyo, kosa kubwa zaidi katika utafiti ule lilikuwa langu mwenyewe.

Dodoso langu lilianza na swali lililosema, "Je, unavuta sigara?" Nilikuwa nimelitafsiri kutoka dodoso la Kiingereza lililotungwa kwa watu ambao tumbaku kwao ni sigara tu, nikaridhika kwamba tafsiri ni sahihi, na kamati ya maadili ikalipitisha. Kwa miezi minne niliketi na wagonjwa kwenye benchi la nje ya kliniki nikijaza majibu. Wanawake karibu wote walijibu hapana, nami nikaanza kujiandikia kwamba tumbaku kwa manusura wa kike si tatizo kubwa.

Siku moja nikamhoji bibi mmoja wa zaidi ya miaka 60, aliyetoka mkoa wa Pwani, ambaye alikuwa amemaliza matibabu ya saratani ya shavu kwa ndani. Nilipomuuliza kuhusu sigara alishtuka. "Toba! Sijapata kuitia mdomoni tangu nizaliwe." Nikaweka alama ya hapana. Tulipomaliza nikamsindikiza hadi getini, naye akafungua pindo la kanga yake ili ahesabu nauli. Pamoja na noti mbili zilizokunjwa kikatoka kifuko cha nailoni, hakikuzidi dole gumba, kimefungwa fundo juu, na ndani yake unga wa rangi ya kahawia iliyoiva. Ulikuwa ugoro, tumbaku iliyosagwa na kuchanganywa na magadi. Nilimuuliza kwa ukali kwa nini alinidanganya. Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Mwanangu, wewe umeniuliza sigara. Huu ni ugoro wangu, wa kutulizia meno."

Ningeishia hapo ningekuwa nimejifunza bila kumuumiza mtu. Badala yake nilimgombeza mbele ya watu waliokuwa wakisubiri usafiri, nikamwambia kwamba anayaharibu matibabu kwa mkono wake mwenyewe. Bibi hakujibu. Alikirudisha kifuko penye pindo, akafunga fundo, akalikaza mara ya pili, na muda wote huo hakuinua macho. Tarehe zake mbili za kliniki zilizofuata hakuja. Alipokuja hatimaye, alinisalimia kwa heshima zote, akaenda kukaa mwisho kabisa wa benchi na kusubiri ahudumiwe na muuguzi mwingine. Nimewahi kukosea dozi na kuandika taarifa ya kosa hilo nikalala usingizi wangu. La bibi yule bado hunijia.

Bibi hakusema uongo. Ugoro hunuswa, hubwiwa, huwekwa chini ya mdomo, tambuu hutafunwa, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoitwa kuvuta sigara. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon nchini Ufaransa, limekwisha kuiweka tumbaku isiyo na moshi miongoni mwa vitu vilivyothibitika kusababisha saratani ya mdomo, ya umio na ya kongosho, na magadi yale yanayotiwa kwenye ugoro huifanya nikotini, yaani kile kiini cha tumbaku kinachomfanya mtu awe mraibu, ipenye kwa haraka katika ngozi laini ya mdomo. Swali langu lilikuwa limeyafungia nje mambo hayo yote. Nililazimika kuyaweka kando madodoso ya miezi minne, kuomba kibali upya, na kuanza tena kwa swali jingine: "Watu wengi tunaowatibu hapa wamewahi kutumia tumbaku, wengine sigara, wengine kiko, ugoro au tambuu. Wewe hutumia ipi, na mara ya mwisho ilikuwa lini?" Majibu yalibadilika tangu asubuhi ya kwanza. Watu walicheka kidogo, wakasogea karibu, wakaanza kueleza.

Ushauri wangu wa kwanza, basi, ni kuuliza kwa namna inayomruhusu mtu kusema kweli. Wapo wanaodhani swali ni jambo dogo na kwamba sayansi inafanyika maabara. Richard Doll na Austin Bradford Hill, waliochapisha mwaka 1950 utafiti uliohusisha sigara na saratani ya mapafu, walitegemea maswali yaliyoulizwa kando ya vitanda katika hospitali za London, na waliouliza maswali hayo walikuwa maafisa wa ustawi wa jamii wa hospitali, si madaktari bingwa. Doll mwenyewe alikuwa mvutaji, akaacha alipoona majibu yalivyokuwa yakielekea. Muuguzi aliye benchini na mgonjwa ana nafasi ambayo mtu mwingine hana, na akiitumia kugombeza anaipoteza.

Katika awamu ya pili ya utafiti nilikutana na fundi pikipiki aliyekuwa katikati ya mionzi ya saratani ya koo na ambaye hakuwa ameacha sigara. Alinijibu waziwazi kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Nilimuuliza swali moja ambalo wataalamu wa uraibu hulitegemea sana, yaani akiamka huchukua muda gani kabla ya sigara ya kwanza, naye akasema huiwasha kabla hajashuka kitandani. Mtu anayewasha ndani ya dakika 5 za kuamka amefungwa na nikotini kwa kamba nene, na kumwambia "acha tu" ni kumwonea. Nikaanza kumweleza kinachotokea mwilini mwake. Moshi wa sigara una kaboni monoksaidi, na gesi hiyo huing'ang'ania himoglobini, sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo damu inafika kwenye uvimbe ikiwa imepungukiwa oksijeni. Nayo mionzi huziua seli za saratani vizuri zaidi pale penye oksijeni ya kutosha. Akanikatiza. "Kwa hiyo kama kabureta iliyoziba hewa. Petroli ipo, cheche ipo, injini haichanganyi." Nikamwambia ndivyo, na kwamba kaboni monoksaidi hupungua mwilini ndani ya siku moja tu tangu sigara ya mwisho, kwa hiyo hata mionzi ya keshokutwa anaweza kuisaidia.

Aliacha siku ya nne baada ya mazungumzo yale. Wiki za katikati nitazipita, kwa kuwa zilikuwa za hasira, usingizi mbaya, na mkewe kunipigia simu usiku. Kisha akarudia kuvuta kwenye matanga ya kaka yake, pale wanaume wanapokaa chini ya turubai hadi alfajiri na pakiti ikizunguka kutoka mkono hadi mkono. Alikuja kliniki akiwa amejiandaa kugombezwa. Safari hii nilikuwa nimejifunza kwa bibi. Nilimuuliza mara ya mwisho ilikuwa lini, nikaandika, nikampangia tarehe, na tukazungumza atakaa wapi kwenye arobaini ili asiwe karibu na pakiti. Akaacha tena, na huo sasa ni mwaka wa tatu.

Nayarudia basi: uliza, andika, kisha uliza tena mgonjwa anaporudi. Usiulize siku ya kulazwa tu. Fitzhugh Mullan, daktari wa Marekani aliyeugua saratani mwenyewe, aliandika mwaka 1985 kwamba kunusurika huanza siku ile mtu anapoambiwa ana saratani na kupita vipindi tofauti kadhaa. Sisi bado tunampongeza mtu siku ya kumaliza mionzi, tunampa kadi, na hatumuulizi tena kuhusu tumbaku mpaka arudi na kidonda. Aliyepigwa mionzi ya taya na akaendelea kuvuta anabaki na mfupa usiopona vizuri hata kwa jino moja kung'olewa. Anastahili kulijua hilo kabla hajapanda basi la kurudi kijijini.

Ni kweli kwamba nyenzo ni chache. Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa mbadala za nikotini, yaani bandiko la ngozi na jojo, katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009, na Tanzania iliridhia mwaka 2007 Mkataba wa Kimataifa wa Kudhibiti Tumbaku, ambao Ibara yake ya 14 inahusu kuwasaidia watu kuacha. Nimezunguka maduka mengi ya dawa nikizitafuta dawa hizo kwa ajili ya wagonjwa wangu na nimerudi mikono mitupu. Lakini muuguzi asijifiche nyuma ya upungufu huo. Linda Sarna wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, muuguzi aliyetafiti maisha ya watu walionusurika saratani ya mapafu, alianzia kwa wauguzi wenyewe, akaongoza mpango wa kuwasaidia wauguzi wa Marekani wanaovuta sigara waache, kwa sababu anayenuka moshi huona haya kumuuliza mgonjwa. Tujiulize sisi kwanza.

Huyu dada wa Tabora nilimwandikia haya yote, nikaongeza kwamba wagonjwa wake wengi wamesomesha watoto kwa fedha za tumbaku waliyoilima, wameichuma na kuikausha kwa mikono yao, na mtu akianza kwa kulilaani zao hilo mbele yao hatapata jibu hata moja la maana. Nilimshauri akae kwanza na akina mama sokoni, asikilize wanavyoziita tumbaku zao. Jana usiku amenitumia rasimu ya dodoso. Neno "sigara" halimo katika swali la kwanza. Chini yake ameacha mistari sita mitupu, na pembeni ameandika kwa kalamu: "Majina wanayoyatumia wenyewe, yaandikwe kama yalivyotamkwa."