Jibu: Ripoti yasema mradi "umeridhisha", kiwanda cha barafu kina kufuli. Twapimaje wenyewe?

Salaam wana jukwaa. Ndugu wa Faza, Lamu, ameuliza, nami nafupisha: diko lao (pwani wanakoshushia samaki) lilipewa kiwanda cha barafu na boti mbili za faiba kwa mkopo wa benki ya maendeleo uliopitia serikalini. Mradi ukafungwa, ripoti ya mwisho ikasema umeridhisha, na leo mlango wa kiwanda una kufuli. Ataka kujua kama ripoti imedanganya, na kama BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia diko, yaweza kupima wenyewe.

Huenda ripoti haikudanganya, ilijibu swali jingine tu. Mradi wa Benki ya Dunia hupimwa kwa lengo lililoandikwa kwenye waraka wa kuuidhinisha, unaoitwa PAD. Basi anza na kitenzi cha lengo hilo. Likisema "kuboresha upatikanaji wa vifaa vya kuhifadhia samaki", siku utepe ulipokatwa lengo lilifikiwa, barafu itoke isitoke. Likisema "kuongeza kipato cha wavuvi" au "kupunguza samaki wanaooza", hapo mna hoja, kwa sababu makabidhiano ya mashine hayathibitishi lolote kati ya hayo.

Makaratasi ya kutafuta si mengi. Kila mradi wa Benki ya Dunia una namba inayoanza na herufi P ikifuatwa na tarakimu sita. Ukiiandika kwenye tovuti ya benki, nyaraka zote za wazi hutoka. Chukua PAD, zile ISR, yaani ripoti za maendeleo ya mradi za kila kipindi, waraka wa kurekebisha mradi kama upo, na ICR, yaani ripoti ya kufunga, ambayo hutakiwa ndani ya miezi sita baada ya mradi kufungwa. ICR huandaliwa na upande wa benki uliosimamia mkopo. Kitengo huru cha tathmini, IEG, huipitia na kutoa alama zake, lakini mapitio hayo hufanywa mezani, kwa kusoma. Miradi michache ndiyo inayotembelewa na IEG baada ya muda. Kwa hiyo alama mliyoiona yawezekana imetolewa na mtu asiyewahi kupanda mashua kwenda Faza.

Waraka wa kurekebisha usiuruke. Humo ndimo shabaha hupunguzwa njiani: viwanda vinane huwa vitatu, kisha mwisho inaandikwa "asilimia 100". IEG wana dawa ya hilo, hupima kwa shabaha za kwanza na za pili kisha huzipa uzito kulingana na pesa zilizotoka kabla na baada ya mabadiliko. Magazeti hayafanyi hivyo.

Ngazi za alama ni sita, kuanzia ya kuridhisha sana hadi ya kutoridhisha kabisa. "Inaridhisha kiasi" ni ya tatu kutoka juu, na huhesabiwa kuwa mradi umefaulu. Jambo la kushangaza zaidi, kwangu, ni kwamba tangu mageuzi ya 2017 hatari ya mafanikio kutodumu huelezwa tu kwenye ICR, haipewi alama. Yaani lile swali ambalo mvuvi angelitanguliza, "kitakuwa kikifanya kazi mwaka wa tatu?", halipunguzi maksi. Benki ya Maendeleo ya Afrika ina utaratibu wake na kitengo chake huru, IDEV, lakini njia ya kusoma ni ileile.

Sasa kupima. Kosa kubwa la pwani yetu ni msimu. Takwimu za mwanzo zikichukuliwa wakati wa kusi (msimu wa pepo za kusini), bahari imechafuka na vyombo vidogo havivuki mwamba, kisha za mwisho zikachukuliwa kaskazi (msimu wa pepo za kaskazini), samaki "wataongezeka" hata kama mradi haukuleta kitu. Ndani ya mwezi mmoja pia kuna bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Wa pweza huingia mwambani bamvua, maji yakitoka sana. Wa mshipi ana siku zake nyingine. Mtafiti akija siku tatu za bamvua akaondoka, ameandika bamvua, hajaandika diko. Na Ramadhani hubadili saa za kutoka, walaji na bei, nayo husogea takriban siku 11 kila mwaka, kwa hiyo mwezi uleule wa kizungu haulingani na wa miaka mitano iliyopita.

Kipimo chepesi kinachostahimili hayo ni kilo kwa mvuvi kwa siku ya kutoka. Chagueni vyombo 30 kwa kura, msichukue vya wanakamati. Kila msimu pimeni siku nane, nne za bamvua na nne za maji mafu. Mizani ya kuning'iniza iwe moja, ijaribiwe kila asubuhi kwa mfuko wa mchele wa kilo 5 ambao haujafunguliwa. Andikeni saa ya kutoka na kurudi, idadi ya watu chomboni, zana (mshipi, wavu wa jarife, mitego ya malema), kilo kwa aina ya samaki, kilo zilizotupwa au kuuzwa kwa bei ya kuoza, lita za petroli, kilo za barafu, na bei aliyolipa tajiri, yaani mnunuzi wa samaki. Safu ya kilo zilizooza ndiyo ya mradi wa barafu. Ikikosekana, daftari zima ni la uvuvi, halihusu barafu.

Wageni wa dago, wavuvi wanaohamia kwa msimu na kupiga kambi, waandikwe ukurasa wao. Wakija kaskazi na vyombo vikubwa, jumla ya diko hupanda huku mwenyeji akibaki palepale, na ripoti ikitumia jumla ya tani itawasifu kwa samaki wa watu wengine.

Kisha tafuteni diko la kulinganisha ambalo halikupewa kitu: zana zinazofanana, umbali unaofanana na soko, ila lisiwe la jirani kiasi cha kuja kununua barafu kwenu. Tuseme kwenu kabla ilikuwa kilo 8 na sasa ni 11. Kule ilikuwa 9, sasa 11. Kwenu kumepanda 3, kule 2 bila mradi. Kilo 1 ndiyo mnayoweza kuihusisha na mradi, nayo bado ina shaka. Bila diko la pili mngetangaza 3. Ndivyo inavyokuwa kwa Lamu hasa, ambako marufuku ya kuvua usiku kwa sababu za usalama iliwekwa na baadaye ikaondolewa. Mradi wowote uliopima kabla na baada ya hapo bila ulinganisho umejipa sifa ya amri ya serikali. Malindi wana lao la 2020, hoteli zilipofungwa kwa korona na soko la samaki likaanguka.

Kipato kigeuzeni kwa bei za mwaka mmoja mkitumia fahirisi ya bei ya KNBS, shirika la takwimu la taifa. Aliyepata shilingi 600 kwa siku 2018 na 800 leo huenda ananunua unga pungufu kuliko zamani. Na msiishie kwenye mauzo: toeni petroli na barafu, kisha fungu la chombo na la injini, ndipo mtaona mvuvi amebaki na ngapi. Boti ya faiba ya kikundi ikila mafungu mawili na mhasibu haonyeshi daftari, kilo zaweza kupanda na mfuko wa mvuvi usijue. Kinamama karanga, wanaonunua samaki na kuwakaanga kwa kuuza, nao waulizwe peke yao, mbali na wenyekiti. Mara nyingi barafu humwezesha tajiri kushikilia samaki akingoja boti la Mokowe, gati ya upande wa bara, na mama aliyekuwa akinunua jioni kwa bei ya kushuka hakuti kitu. Kwenye ripoti huyo ni mnufaika kwa sababu anaishi kwenye wadi.

Turudi kwenye kufuli. Fanyeni hesabu hii ndogo, kwa tarakimu zenu. Zangu ni za mfano. Barafu ya matofali kwenye joto letu hula takriban uniti 55 hadi 70 za umeme kwa tani. Kwa uniti 70 na shilingi 25 kila uniti, ni 1,750 kwa tani, yaani 1.75 kwa kilo. Mkiuza kilo kwa 10, inabaki 8.25. Mishahara, maji na matengenezo yakiwa 90,000 kwa mwezi, lazima muuze karibu tani 11 kila mwezi ili msipate hasara. Kaskazi mkiuza tani 14, faida ni 25,500 kwa mwezi. Kusi mkiuza tani 6, hasara ni 40,500. Miezi sita kwa sita, mwaka unafungwa na hasara ya 90,000, na kompresa haijaharibika bado. Umeme ukikatika mkawasha jenereta, lita moja ya dizeli hutoa kama uniti 3. Tani itakula lita 23, na dizeli ikiwa 180, gharama hufika shilingi 4 na ushei kwa kilo. Hapo mnahitaji zaidi ya tani 15 kwa mwezi.

Anayekuja kaskazi atakuta kiwanda kina faida, na ataandika hivyo bila kusema uongo. Ongezeni maji ya kisima yenye chumvi, ambayo hutoa barafu laini inayoyeyuka upesi na kuacha magamba kwenye mabomba ya mashine. Tafuteni kwenye PAD: maji yatatoka wapi, na nani analipa fundi baada ya kufunga? Kama jibu ni "jamii itamiliki" bila hesabu ya tani kwa msimu, kosa lilikuwa kwenye karatasi kabla ya mashine kupakiwa.

Mikopo ya sera ni shauri tofauti, nitaigusa tu. Pale pesa hutoka kwa sheria kupitishwa au kanuni kutangazwa. Msihesabu sheria, hesabuni kilichofuata: kanuni zilitungwa? Afisa ana petroli ya kwenda kukagua? Leseni zinatolewa kwa siku ngapi?

Chanzo ambacho wengi hukisahau ni Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Hukagua miradi ya mikopo kila mwaka wa fedha, na huandika waziwazi vifaa vilivyolipiwa na kukutwa havitumiki. Linganisheni mwaka huohuo na ISR ya benki. Zikipingana, hapo ndipo pa kuanzia barua.

Ikiwa mradi uliwadhuru, mathalani kwa kuwafungia njia ya vyombo au kuchukua ardhi, watu wawili au zaidi wanaweza kupeleka malalamiko kwa Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia hadi miezi 15 baada ya kufungwa. Kufuli peke yake si dhara la aina hiyo, msipoteze muda huko. Ninyi ombeni takwimu za mwanzo, orodha ya wanufaika na hati ya makabidhiano kutoka kwa ofisi iliyotekeleza, kwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na yaweza kujiongezea 14 mara moja. Wakinyamaza, mnakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala. Barua iandikeni kwa Kiswahili mkitaka, sheria yenyewe imeruhusu.