Ami, MCA wetu (madiwani wa bunge la kaunti) mbona hawawezi polisi?

SWALI: Ami shikamoo. Mie naendesha tuktuk hapa Malindi, juzi usiku natoka kushusha abiria Shela nikasimamishwa, toa mia tano ama ulale seli, nikatoa, na ndio ilikuwa ya mafuta ya asubuhi na bosi hataki hadithi. Sasa nasikia kule Minneapolis, Marekani, madiwani walikaa wakawajadili polisi wao. Hawa wetu bunge lao si liko hapa hapa mjini?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole. Wale polisi ni wa jiji lao na bajeti wanapitisha wenyewe, na bado ilikuwa shughuli: 2020, baada ya George Floyd kuuawa na polisi wa huko, madiwani 9 kati ya 13 waliahidi kuvunja idara nzima, Novemba 2021 wananchi wakapiga kura wakakataa. Huku kwetu polisi ni wa serikali kuu, MCA apige kelele mpaka sauti ikauke (wengine kelele ndio kazi yao) hahamishi hata konstebo. Lakini sheria ya polisi ya 2011 inataka kila kaunti iwe na mamlaka yake ya polisi, mwenyekiti gavana au mtu wake, ndani wakae wafanyabiashara, kina mama, vijana, watu wa dini. Hapo ndio mumbane MCA, awaambie iko wapi na nyinyi wa tuktuk anawasemea nani. Na hiyo mia tano andika saa, mahali, namba ya gari lao, upeleke IPOA, ile mamlaka huru ya kusimamia polisi, hulipi hata senti.