Besi inayomezwa na magitaa

Ndugu yangu, umesema nyumbani besi yako, yaani gitaa la sauti nzito, inanguruma vizuri, ila bendi ikianza, magitaa mawili na ngoma vinaimeza, na sasa unataka kununua nyingine. Subiri kwanza.

Nilihangaika hivyo hivyo, nikiongeza sauti nzito kila mazoezi na kuzidi kupotea. Sauti nzito hugombania nafasi na ile ngoma kubwa ya mguu. Ipunguze, upandishe sauti za kati, kuanzia hezi (mitetemo kwa sekunde) 500 hadi 1,000 hivi. Ukiwa peke yako itasikika mbaya. Usijali, ipime ndani ya bendi. Lemmy, mpiga besi wa bendi ya roki ya Motörhead, alipiga besi yake ya Rickenbacker hivyo: sauti za kati juu kabisa, nzito chini.

Nyuzi zimechakaa? Badilisha. Zile zilizozungushiwa waya wa mviringo, kama za kampuni ya Rotosound alizopenda John Entwistle, mpiga besi wa bendi ya The Who, hung'arisha mlio. Zile laini, za waya bapa, hufifisha mlio.

Ukinunua hata hivyo, kwa roki mimi ningeanza na besi ya Precision ya kampuni ya Fender, iliyotoka mwaka 1951. Jazz Bass, pia ya Fender, ina shingo nyembamba na pikapu (vinasa mlio wa nyuzi) mbili, lakini ukizifungua zote kikamilifu, sauti za kati hupungua. Besi yoyote ijaribu ukiwa umesimama na mkanda begani, maana uzito ni jambo kubwa.

Usiunganishe besi kwenye amplifaya ndogo ya gitaa, spika inaweza kupasuka. Amplifaya ya valvu (yenye taa za kioo ndani) usiifungue mwenyewe, mwachie fundi, maana hubaki na umeme hata ikichomolewa. Na masikio yakivuma hadi asubuhi, muone daktari.