Nusu ya Jozi: Majibu ya Maswali Yenu Kuhusu Badminton ya Wanawake Wawili

Wiki iliyopita nilimtaja kwa kifupi Greysia Polii, Mindonesia aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki ya wanawake wawili wawili zikiwa zimebaki siku tisa atimize miaka 34. Maswali yakamiminika. Haya ndiyo niliyoyachagua.

Ni kweli Polii aliwahi kufukuzwa kwenye Olimpiki? Alifanya nini?

Ni kweli, na hakufukuzwa peke yake. Ilikuwa London, Julai 31, 2012, siku ambayo jozi nne zilicheza ili zishindwe.

Ratiba ndiyo iliyowatega. Mashindano yalianza kwa makundi, kisha mtoano, na kila mtu aliweza kupiga hesabu mapema ajue atakutana na nani. Wachina Tian Qing na Zhao Yunlei walifungwa na jozi ya Denmark, wakamaliza wa pili kwenye kundi lao. Kwa hiyo Wachina wenzao, Wang Xiaoli na Yu Yang, wakiongoza kundi lao wangeweza kugongana na ndugu zao kabla ya fainali. Wakaona heri kufungwa. Tatizo ni kwamba Wakorea waliokuwa upande wa pili wa wavu, Jung Kyung-eun na Kim Ha-na, nao hawakuwa na hamu ya kushinda! Kinyoya, yaani mpira wa badminton, kikawa kinapigwa wavuni au nje makusudi. Katika seti nzima ya kwanza, pointi ndefu kuliko zote ilikuwa na mapigo manne. Watazamaji wakazomea.

Baadaye Polii na Meiliana Jauhari wakaingia dhidi ya jozi nyingine ya Korea Kusini, na mchezo ukawa uleule. Kesho yake wachezaji wote 8 waliondolewa. Dhahabu ikaenda kwa Tian na Zhao.

Mimi lawama nazigawa. Mchezaji aliyeapa kushindana hana pa kujificha, lakini aliyepanga ratiba ambayo kushindwa kunalipa kuliko kushinda naye ajitazame kwenye kioo. Kufikia Rio 2016, jozi zilizomaliza za pili kwenye makundi zilipangiwa wapinzani kwa kura, kwa hiyo mlango ule ulikuwa umefungwa.

Baada ya aibu ile, alirudije mpaka kileleni?

Kwa kubadilisha mwenza, tena mara mbili. Na hapo ndipo wengi hawaelewi kazi hii: maisha ya mchezaji wa wawili hayahesabiwi kwa miaka tu, yanahesabiwa kwa wenza.

Kwanza alikuwa na Nitya Krishinda Maheswari. Mwaka 2014 walichukua dhahabu ya Michezo ya Asia kule Incheon, na Rio wakafika robo fainali. Kisha Nitya akaandamwa na majeraha. Polii alikuwa anakaribia miaka 30 na aliwaza kutundika raketi. Akaletewa Apriyani Rahayu, binti wa miaka 19, mdogo kwake kwa zaidi ya miaka kumi. Ukiwa mkongwe ukapewa mtoto umfunze, aghalabu unaona safari imekwisha. Wao, mwaka huohuo wa 2017, walishinda mashindano ya wazi ya Thailand na ya Ufaransa, halafu wakaleta shaba mbili za ubingwa wa dunia, 2018 na 2019.

Kwenye Olimpiki ya Tokyo, iliyochezwa 2021, hawakuwa miongoni mwa jozi zilizopewa nafasi za vinara, yaani zile zenye viwango vya juu ambazo ratiba huzitenganisha zisikutane mapema. Fainali waliwafunga Chen Qingchen na Jia Yifan wa China 21-19, 21-15. Kuna pointi moja nimeirudia kuitazama sijui mara ngapi: nyuzi za raketi ya Polii zinakatika kinyoya kikiwa bado hewani, anakimbia pembeni kuchukua nyingine, na Apriyani anabaki kulinda uwanja mzima mpaka mwenzake arudi.

Zawadi ya fedha wanagawana? Au kila mmoja anapata yake?

Wanagawana, na hapo mchezaji wa wawili anapunjika. Katika ziara ya dunia, yaani mfululizo wa mashindano ya mwaka mzima, bingwa wa mmoja mmoja hupata asilimia 7 ya kitita chote cha mashindano, na jozi bingwa asilimia 7.4. Kwa kitita cha dola 1,250,000, bingwa wa mmoja mmoja anaondoka na dola 87,500. Jozi inapata 92,500, yaani 46,250 kwa kila mmoja. Kocha na mazoezi vinagharimu vilevile. Ndiyo maana wadhamini na serikali wana uzito mkubwa: baada ya Tokyo, Indonesia iliwapa Polii na Apriyani rupia bilioni 5.5 kila mmoja.

Binti yangu wa miaka 14 amehamishwa na kocha kutoka mmoja mmoja kwenda wawili. Je, ameshushwa?

Hapana, mzazi mwenzangu, ila muulize kocha amemwona na nini. Mchezo wa wawili unataka mtu mwenye mkono mwepesi karibu na wavu, au mtu anayeweza kufumua kutoka nyuma pigo baada ya pigo bila kuchoka. Wajapani Misaki Matsutomo na Ayaka Takahashi walikuwa hivyo hasa: Matsutomo mbele, Takahashi nyuma. Fainali ya Rio walikuwa nyuma 16-19 katika seti ya tatu mbele ya Wadenmark, wakachukua pointi tano mfululizo na dhahabu.

Kama kocha hana jibu la aina hiyo, na amemhamisha tu kwa sababu nafasi zimejaa, hapo una haki ya kununa.

Mbona mechi za wanawake wawili zinachukua muda mrefu hivyo?

Kwa sababu ulinzi unaishinda nguvu. Wawili wakisimama sambamba, kila pigo la nguvu linarudi, na washambuliaji wanaanza upya. Mwaka 2016, katika nusu fainali ya ubingwa wa Asia, Polii na Nitya walicheza dakika 161 dhidi ya Wajapani Naoko Fukuman na Kurumi Yonao. Wakafungwa, 24-22 katika seti ya tatu.

Mtu anaweza kucheza wanawake wawili na mchanganyiko (mwanamke na mwanamume) kwa pamoja?

Anaweza, mapafu yakiruhusu. Zhao Yunlei, yule niliyemtaja hapo juu, alichukua dhahabu zote mbili London.

Mmoja akiumia, mwenzake anafanyaje?

Anasubiri, au anatafutiwa mwingine. Viwango vya dunia hupangwa kwa jozi, kwa matokeo kumi bora ya wiki 52, kwa hiyo kubadili mwenza ni kuanza kujenga upya. Tokyo, Sayaka Hirota wa Japani aliingia na kifaa kikubwa kimefunga goti baada ya kuumia kano wiki chache kabla. Yeye na Yuki Fukushima walipangwa namba moja. Waliishia robo fainali, tena baada ya kushinda seti ya kwanza.

Polii amestaafu. Apriyani je?

Polii aliagwa Jakarta Juni 2022. Apriyani akapangwa na Siti Fadia Silva Ramadhanti, na mwaka huohuo wakashinda mashindano ya wazi ya Malaysia na ya Singapore. Fadia alizaliwa Novemba 2000, kwa hiyo safari hii dada mkubwa ni Apriyani.