Pikipiki yachoka mlimani: ni kabureta?

SWALI: Nabeba abiria kwa pikipiki ya cc 150. Hapa Kigoma mjini inakwenda vizuri, lakini nikipanda Kasulu inakuwa nzito na plagi inatoka nyeusi. Nibadilishe jeti?
Dereva wa bodaboda, Kigoma

JIBU: Usikimbilie jeti, yaani kijitundu cha kupitisha petroli ndani ya kabureta (chombo kinachochanganya hewa na petroli), ndugu yetu. Ziwa Tanganyika liko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari. Kasulu ni zaidi ya mita 1,200. Kila mita 1,000 hewa hupungua takriban asilimia 10, ilhali jeti inapitisha petroli karibu ileile, hivyo mchanganyiko unazidi mafuta. Ila kwa tofauti hiyo ni asilimia 5 tu. Masizi mazito yana sababu nyingine: chujio la hewa lililojaa vumbi, choki (kibana hewa cha kuwashia injini ikiwa baridi) isiyorudi, au boya la kabureta linalovuja. Anza huko.

Bado nyeusi? Fungua kabureta, pandisha klipu ya sindano tundu moja. Sindano itashuka na kubana mafuta. Kisha pasha injini moto, zungusha skrubu ya mchanganyiko robo robo hadi ingurume sawasawa. Iliyo upande wa chujio ni ya hewa: kulegeza hupunguza mafuta. Iliyo upande wa injini ni kinyume, na hapo wengi hukosea.

Plagi nzuri ni ya kahawia. Ikiwa nyeupe, rudisha klipu, hasa ukishuka mjini: mafuta kidogo huunguza pistoni.