Tumbo Haliumi, Lakini Damu Haipandi

SWALI: Nina umri wa miaka 34, na kwa miaka miwili sasa nimekuwa nikipungukiwa damu. Nikimeza vidonge vya madini ya chuma inapanda kidogo, nikiacha inashuka. Nimepimwa malaria, safura na selimundu, sina. Hedhi yangu pia si nyingi. Dada yangu anayeishi Uingereza amegundulika kuwa na ugonjwa wa siliaki, naye ananisihi niache chapati na mkate mara moja. Mimi siharishi wala tumbo haliniumi. Je, nimsikilize?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Dada yako ameshuku mahali panapostahili, ila katika jambo moja usimfuate: usiache ngano kabla ya kupimwa. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili huchochewa na gluteni, protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai (nafaka inayofanana na ngano), ikaushambulia utumbo mwembamba. Ukiacha kula gluteni, kingamwili (protini za kinga ambazo vipimo huzitafuta) hupungua katika damu na utumbo huanza kupona, hata vipimo vikaonyesha kuwa huumwi ilhali unaumwa. Mwongozo wa Uingereza humtaka anayepimwa awe amekula gluteni katika zaidi ya mlo mmoja kila siku kwa muda usiopungua wiki 6. Kwa sasa, basi, kula chapati zako.

Kutoharisha si hoja ya kujitoa wasiwasi. Madini ya chuma hufyonzwa zaidi mwanzoni mwa utumbo mwembamba, na hapohapo ndipo ugonjwa huu huharibu zaidi; vinyweleo vya utumbo (vijinundu vidogo vinavyofyonza chakula) vikishalala, vidonge hupita bila kufyonzwa vya kutosha, na upungufu wa damu unaweza kuwa dalili pekee. Wengine hugunduliwa kwa mifupa iliyopungua uimara, vidonda vya mdomoni vinavyorudirudi, au upele wa malengelenge unaowasha viwikoni na magotini. Undugu nao una uzito: miongoni mwa ndugu wa karibu wa mgonjwa, hukadiriwa kuwa karibu mmoja kati ya 10 huwa nao.

Mwombe daktari akupime kingamwili za IgA (aina mojawapo ya kingamwili) dhidi ya transiglutaminesi, kimeng'enya cha mwili wenyewe, pamoja na kiwango chote cha IgA. Msisitize hicho cha pili, kwani wapo wagonjwa wachache ambao miili yao haitengenezi IgA ya kutosha, na kwao kipimo cha kwanza peke yake hudanganya. Kingamwili zikionekana, mtaalamu atapitisha kamera mdomoni na kuchukua vipande vidogo kadhaa vya utumbo, kwa kuwa uharibifu huwa wa mabaka na kipande kimoja chaweza kuukosa. Ukishauriwa kupima vinasaba vya HLA-DQ2 na DQ8, ujue kuwa watu wengi wazima wa afya wanavyo; faida ya kipimo hicho ni kwamba asiye navyo ni nadra sana kuugua.

Ikithibitika, ugali, wali, muhogo na vitumbua vya mchele vitabaki mezani, mradi unga wako usisagwe katika kinu kinachosaga ngano.