Peltia kwenye oveni ya keki

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi ni fundi wa dispensa za maji, zile zinazopoza kwa peltia, kile kisahani ambacho umeme ukipita upande mmoja unapoa na wa pili unapata moto. Nilisoma kwamba kristali za semikondakta zikipashwa moto polepole zinaongeza nguvu, basi nikachukua kisahani cha namba 12706 kilichochoka nikakitia kwenye oveni ya shemeji ya kuokea keki, digrii 200, lisaa lizima. Kimetoka waya zimeng'oka na mita haisomi kitu. Nimekosea wapi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Pole fundi, na pole zaidi kwa shemeji, hiyo oveni isuguliwe vizuri kabla ya keki nyingine maana humo ndani kuna teluriamu na si kitu cha kula.

Ulichosoma ni kweli ila kinafanyika kiwandani, kristali ikiwa bado peke yake. Kisahani chako kina jozi 127 za vipande vya kristali ya bismathi na teluriamu (ndo hiyo 127 kwenye namba, 06 ni ampea 6) na vyote vimeshikwa na lehemu. Lehemu ya bati na bismathi, inayotumika sana humo, inayeyuka digrii 138 tu, sasa wewe umepiga 200!

Kiwandani wengine wanasaga kristali halafu unga wanaugandamiza kwa moto, na kule kusaga kunavuruga atomu, zinazuka elektroni ambazo hazikuitwa, kwenye vipande vya aina ya P ni balaa kwa sababu zinafuta yale matundu (nafasi zilizokosa elektroni) yanayobeba umeme humo. Wakipasha masaa mengi atomu nyingi zinarudi mahali pake na umeme unapita vizuri. Ila teluriamu ni mtoro, ikipata moto inaondoka na mvuke, kwa hiyo wanaifungia kwenye chupa ya kwatzi iliyonyonywa hewa. Na wakipitiliza muda, chembe ndogondogo zinaungana zinakuwa kubwa, joto linapenya kirahisi toka upande wa moto kuja wa baridi, hapo umefaidika kwenye umeme ukaliwa kwenye joto.

Kisahani kikichoka mara nyingi ni lehemu imepata nyufa kwa ile washa-zima ya kila siku, kristali haina kosa. Kisahani kizima kikiwa kimepoa kinasoma kama ohm 2 hivi. Na kabla hujakilaumu angalia feni, halafu futa ile pesti ya kupitisha joto iliyokauka juu ya kisahani upake mpya.